Kabla ya kung'oa jino, inua ulimi: barua ya wazi kwa wakuu wa afya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya;
Mheshimiwa Waziri wa Nchi anayeshughulikia TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa);
Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya.

YAH: KINYWA KUKAGULIWA KABLA YA JINO KUNG'OLEWA, NA FIZI KUHESABIWA KATIKA VITA DHIDI YA SARATANI

Waheshimiwa,

Mimi ni tabibu meno. Nimefanya kazi katika hospitali za wilaya za ukanda wa pwani kwa zaidi ya miaka 20, na meno niliyong'oa yangejaza gunia. Siombi uhamisho wala posho. Naandika kwa sababu ya gego moja.

Lilikuwa gego la chini, upande wa kushoto, la mama mmoja wa umri wa mama yangu mzazi. Aliingia ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Alipoishusha nikaona midomo iliyoiva wekundu wa tambuu, meno yenye weusi wa miaka mingi, na ufizi uliovimba kulizunguka jino lile. "Linacheza, mwanangu," akaniambia. "Nikitafuna muhogo inabidi nisimame." Nikaligusa kwa kidole, kweli linacheza. Nje kulikuwa na watu waliopanga foleni tangu alfajiri. Nikachoma sindano ya ganzi, nikashika koleo, na jino likatoka hata sijatia nguvu, kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nikafurahi. Siku ya foleni, jino la namna hiyo ni zawadi. Mama akanishukuru, akanitakia kheri na watoto wangu, akaondoka.

Sikuinua ulimi wake. Sikupapasa shingo yake. Wala sikujiuliza imekuwaje gego lenye mizizi miwili litoke bila kubishana.

Alirudi baada ya wiki 3, shimo halijafumba. Nikamwandikia vidonge, nikamwambia asukutue kwa maji ya chumvi. Mwezi uliofuata akarudi tena, na safari hii shimo lilikuwa limeota nyama yenye kingo ngumu, na chini ya taya pamekaa mtoki mgumu, hausogei, kama kokwa ya zambarau. Tukakata kinyama, kikapelekwa kupimwa. Majibu yalipokuja nilikuwa nimeshayajua. Jino lile halikuwa na ugonjwa wowote. Lilikuwa limekosa pa kushika tu, kwa kuwa saratani ilikuwa imeshakula mfupa chini yake.

Kosa la kutotazama ni langu, silikwepi. Lakini kuna kosa la pili ambalo nalishiriki na nyinyi, na ndilo limenifanya nikae chini kuandika. Miaka yote hiyo tumewapokea watu wenye fizi zinazotoa damu na usaha, ukoga umegeuka jiwe shingoni mwa meno, pumzi imechacha, na sisi tumeona ni uchafu tu. Tunang'oa kinachouma, tunawarudisha nyumbani na kilichobaki. Saratani tumeiweka kwenye jengo lingine na faili lingine, chini ya daktari mwingine. Tafiti za miaka ya karibuni zinasema vitu hivi viwili vinakaa nyumba moja.

Kinywa cha binadamu kimekutwa na bakteria wa aina zaidi ya 700. Wengi ni wapangaji wema. Wasumbufu ni wale wanaojificha kwenye mfuko ulio kati ya jino na ufizi, kusikofika hewa wala mswaki. Wawili wametajwa sana na watafiti: Porphyromonas gingivalis na Fusobacterium nucleatum. Nitawaita porfiromona na fusobakteria, maana majina yao kamili hutukwama kooni hata sisi tulioyasomea.

Ili muelewe wanachofanya, fikirieni mkeka. Chini ya ngozi laini ya kinywa kuna utando mwembamba uliosukwa mfano wa mkeka. Seli zilizoharibika zikiwa bado juu ya mkeka huo, mgonjwa ana nafasi kubwa ya kupona. Zikiutoboa na kushuka chini, hukutana na mishipa ya damu na ya limfu, na kutoka hapo safari ya kwenda shingoni ni fupi. Mtoki wa shingo ukishaingiwa na saratani ya kinywa, matumaini ya mgonjwa kuishi hupungua kwa karibu nusu. Kwa hiyo kwa sisi wa kinywa, swali zito kuliko yote ni nani anayeukata mkeka.

Porfiromona ni mmoja wa wakataji. Anaishi kwa kula protini na damu ya ufizi, na ana vimeng'enya vyake vya kukatia chakula hicho. Katika maabara imeonekana kwamba akiingia ndani ya seli za saratani ya kinywa, huzichochea zitoe kimeng'enya kingine kikiwa bado kimelala, kisha vimeng'enya vyake yeye hukiamsha. Kikishaamka, kazi yake ni kukata nyuzi za ule mkeka. Yaani mwenye nyumba anatoa panga, mpangaji analinoa.

Fusobakteria ana mbinu nyingine. Seli zetu zimeshikana kwa kitu kama gundi, na yeye ana protini iitwayo FadA inayoing'ang'ania gundi hiyo na kuipa seli ishara ya kuendelea kuzaana. Hili lilionyeshwa mwaka 2013, tena katika saratani ya utumbo mpana, siyo ya kinywa. Bakteria wa mdomoni amekutwa utumboni akifanya kazi ileile. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema meno ni jambo la urembo.

Mwaka 2015 watafiti wa Jerusalem waliwapa panya kemikali inayosababisha saratani ya ulimi, kisha baadhi yao wakawaambukiza bakteria hawa wawili. Uvimbe wa panya walioambukizwa ulikuwa mkubwa takribani mara 2.5 kuliko wa wenzao, na ulipenya ndani zaidi. Mwaka 2020 kundi la California likaongeza bakteria wa tatu wa fizi, Treponema denticola, na kuonyesha kwamba wote watatu huzifanya seli za saratani ya kinywa zihame na kupenya kwa ukali zaidi. Kundi hilohilo likakuta kwamba nisini, kitu kinachotengenezwa na bakteria wa maziwa na kutumika kuhifadhia jibini, huzima uchochezi huo. (Hayo yalikuwa ni seli na panya. Asije mtu akaanza kuuza mtindi kama dawa ya saratani. Nawajua watu wetu.)

Utafiti ulionitikisa zaidi ulitoka Seattle, Marekani, mwaka 2022, kwa sababu haukuishia kwenye panya. Walichukua vinyama vya wagonjwa wa saratani ya kinywa na ya utumbo mpana, wakatazama kila sehemu ya uvimbe bakteria wamekaa wapi. Wakawakuta hawajatapakaa ovyo. Wamejenga vijiji vyao pale penye mishipa michache ya damu na ambapo askari wa kinga ya mwili wamezimwa. Na seli za saratani zilizokuwa na bakteria ndani yake, walipozifuatilia kwenye maabara, hazikusubiri kundi. Ziliondoka mojamoja na kupenya maeneo yanayozizunguka. Nilisoma taarifa ile usiku, umeme umekatika, kwa mwanga wa simu, na kichwani nilikuwa naona shimo la yule mama lisilofumba.

Sasa niwe mkweli kwenu, maana barua isiyosema upande wa pili haifai kuletwa mezani kwa waziri. Mwaka 2024 watafiti wa King's College London walitoa matokeo yaliyowashangaza wenyewe: fusobakteria alipowekwa pamoja na seli za saratani za kichwa na shingo, aliziua, na wagonjwa ambao uvimbe wao ulikuwa naye waliishi vizuri zaidi. Bakteria yuleyule! Kwa hiyo hatuna haki ya kupiga mbiu kwamba tumempata muuaji. Ninachokitoa mimi katika yote haya ni kidogo ila ni kigumu kukipinga: bakteria wa kinywa si watazamaji. Wanaingia ndani ya uvimbe, na wanabadilisha mwenendo wake. Nchi inayopanga mambo ya saratani ya kinywa bila kuwataja wanaofanya kazi ya fizi inapanga nusu.

Na nisisikie mtu akinukuu barua hii kwamba saratani ya kinywa inaletwa na kutopiga mswaki, au kwamba inaambukizwa kwa kushirikiana kijiko. Haiambukizwi hivyo. Wakubwa wa ugonjwa huu tunawajua kwa majina: tumbaku ya kuvuta na ya kutafuna, ugoro, pombe, na popoo, ile kokwa inayotafunwa ndani ya tambuu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliitangaza popoo yenyewe kuwa inasababisha saratani mwaka 2004, hata isipochanganywa na tumbaku. Kwetu pwani hilo ni zito kulisema. Tambuu ni heshima. Huendana na posa, hukaa kwenye sinia la wageni, na bibi anayekutengea kiraibu chake anakupenda. Mimi nimenywea chai nyumba hizo na sitaki kuona bango la serikali linalomtukana bibi yangu. Ila lazima tumwambie.

Na hata kwa wakubwa hao, bakteria wana mkono. Pombe inapopita mdomoni, baadhi yao huigeuza kuwa asetaldehaidi, sumu inayoharibu vinasaba, na huigeuza palepale shavuni, haingoji ini. Katika tumbaku nako, bakteria wanaogeuza kemikali ya naitreti kuwa naitraiti huandaa njia ya nitrosamini, ambazo ni miongoni mwa sumu kali za ugoro. Mtafuna tumbaku mwenye fizi zilizooza ana kiwanda mdomoni na wafanyakazi wake humohumo.

Nawaomba nini, basi?

Kwanza, na hili silibadilishi kwa lingine lolote: toeni mwongozo kwamba hakuna jino la mtu mzima litakalong'olewa katika hospitali, kituo cha afya wala zahanati yoyote bila kinywa kizima kukaguliwa na matokeo kuandikwa. Siongelei mashine. Unashika ncha ya ulimi kwa kipande cha shashi, unauvuta kulia, unauvuta kushoto, unatazama kingo zake, maana huko ndiko saratani hupenda kukaa. Unamwambia mgonjwa ainue ulimi uguse kaakaa, unaona sakafu ya kinywa. Unavuta mashavu kwa kioo, unatafuta baka jeupe lisilofutika au jekundu kama mahameli. Unapapasa shingo chini ya taya kwa vidole vya mikono miwili. Nimejipima kwa saa ya ukutani: dakika 2, na mgonjwa muoga dakika 3. Kidonda kilichozidi wiki 2, rufaa. Jino la mtu mzima linalocheza peke yake wakati majirani zake wamekaza, usilikimbilie na koleo. Shimo lisilofumba baada ya wiki 3, kinyama, siyo vidonge vingine.

Nasisitiza vidonge kwa sababu hapo ndipo tunapopotezea watu. Kabla ya kufika kwangu, mgonjwa ameshapita duka la dawa mara 3. Amepewa vidonge vya rangi mbili, amepewa Flagyl, usaha umekauka, harufu imepungua, na yeye anahesabu kwamba anapona huku uvimbe unaendelea na safari yake. Wapo watakaosoma habari hizi za bakteria wakadhani jibu ni dawa zaidi. Dawa za bakteria zimejaribiwa kwa panya wenye saratani ya utumbo mpana yenye fusobakteria, na uvimbe ulipunguza kasi, ndiyo. Kutoka kwa panya hao hadi kaunta ya dukani kwetu ni mbali sana, na katikati yake kuna usugu wa dawa ambao tumeshaanza kuulipia.

Kilichopo mkononi leo ni kusafisha fizi. Kuukwangua ule ukoga uliogeuka jiwe, kuwaondolea bakteria wale makao yao, na kumfundisha mtu mswaki, uwe wa dukani au wa mti. Katika hospitali moja niliyowahi kufanyia kazi, makoleo ya kung'olea yalikuwa kabati zima. Mashine ya kusafishia ilikuwa moja, ncha yake ikavunjika, tukaandika barua, na nilihamishwa kabla haijaletwa nyingine. Vifaa vya mkono vya kukwangulia havihitaji umeme na hudumu miaka. Nunueni hivyo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imetupa nafasi ya kuamua nini kimo katika kitita na nini hakimo. Andikeni kusafisha fizi kwa jina lake, pamoja na kupima kinyama cha kinywa. Usafishaji ukiitwa urembo, anayeweza kulipa atasafishwa na mtafuna tambuu wa kijijini atang'olewa.

Kuna jambo la wagonjwa walioshaanza safari ya matibabu, nalo mara nyingi husahaulika. Anayekwenda kupigwa mionzi ya kichwa na shingo anapaswa kwanza kupita kwetu. Mionzi hukausha mate, na kinywa kikavu ni shamba jipya la bakteria. Na jino bovu likija kung'olewa taya ikiwa imeshapigwa mionzi, mfupa unaweza kufa na usipone kabisa. Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, na kila kutakakofunguliwa huduma ya mionzi, tabibu au daktari wa meno awe mlangoni, asiwe wa kuitwa baadaye mambo yakiharibika. Nikipita pale ufukweni huwa nawaza kwamba Robert Koch, mtu aliyegundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alifika Dar es Salaam mwaka 1897 kwa utafiti wake, wakati Wajerumani wanaifungua hospitali yao palepale. Zaidi ya miaka 120 baadaye, elimu ya bakteria na elimu ya saratani ndiyo kwanza zinatambulishana.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaingia nyumba ambazo mimi sitazifikia maisha yangu yote. Waongezewe swali moja tu kwenye mazungumzo yao: "Kuna mtu hapa ana kidonda mdomoni kimezidi wiki 2?" Na waulize kwa mabibi, maana wazee wetu wa kike huziba mdomo kwa kanga na hawasemi.

Na MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, wana skuli ya meno. Wapeni fedha wachunguze vinywa vya watafuna tambuu na ugoro wa kwetu, bakteria gani wamo na wanafanya nini, tusiwe tunangoja Seattle na London watuambie yaliyomo midomoni mwetu.

Mtaniuliza ukubwa wa tatizo. Kwa makadirio ya mwaka 2022, watu wapatao 389,000 duniani walikutwa na saratani ya midomo na kinywa mwaka huo, na wapatao 188,000 walikufa kwayo. Watu wenye ugonjwa mkali wa fizi, kwa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka huohuo, wanazidi bilioni 1. Nchi wanachama, nasi tumo, zilishakubaliana mwaka 2021 kwamba afya ya kinywa iwe sehemu ya mapambano dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza. Makubaliano hayo yamo ofisini kwenu. Mimi nikifunga hesabu za mwezi, wakubwa wangu huniuliza nimeng'oa meno mangapi. Hajatokea hata mmoja aliyeniuliza nimeinua ndimi ngapi.

Yule mama alifika hospitali ya rufaa, lakini mtoki ulikuwa umemtangulia. Hakumaliza mwaka. Nilikwenda kwenye hitima yake. Binti yake akaniletea kahawa, akachuchumaa pembeni yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, ni kweli wanavyosema, kwamba kung'olewa jino ndiko kulikoiamsha saratani?" Mtaani kwao watu watano walikuwa wameshaahirisha kuja kung'olewa kwa ajili ya maneno hayo. Nikamwambia hapana, saratani ilikuwepo kabla ya koleo. Lile jingine, kwamba mtu aliyekuwa amekaa naye ndiye aliyepaswa kuiona, sikuweza kulitoa mdomoni. Nimelitoa hapa.

Foleni yangu huanza saa 1:30 asubuhi. Mkija, msilete msafara wala msitume taarifa; kaeni kwenye benchi na wengine mpaka mfike kitini. Nitaanza na ndimi zenu.

Wenu katika kazi,
Tabibu meno, ukanda wa pwani